Mrejesho: Safari ya Ukerewe iliyokwama bandarini Mwanza

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipoeleza kwamba meli ya Jumamosi ya kwenda Nansio, mji wa kisiwani Ukerewe, imeahirishwa kwa sababu ya upepo, huku rafiki yangu amekwishafika kutoka Dodoma na mapumziko yetu ni ya siku mbili tu.

Ushauri wa kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi kivuko cha Kisorya ulikuwa mzuri, lakini ungetumalizia siku nzima, kwa hiyo tulimfuata aliyependekeza Hifadhi ya Taifa ya Saanane. Boti hutoka Capri Point, na kisiwa chenyewe, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yanayokizunguka, kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Tuliwaona swala pala na pimbi, tukakaa juu ya mawe tukilitazama ziwa likichafuka, na hapo rafiki yangu akakubali kwamba kuahirisha meli kulikuwa uamuzi sahihi.

Jumapili tulikwenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa. Ngoma za watemi wa Kisukuma zinastahili muda mrefu kuliko tuliokuwa nao.

Lililoshindikana ni malipo ya awali ya nyumba ya wageni kule Nansio: mwenyeji alikataa kuyarudisha, ila amekubali kuyahamishia tarehe nyingine. Aliyenishauri niombe hivyo kwa maandishi, ahsante sana; ujumbe wa mwenyeji wa kukubali ninao.