Farasi wa Basotho: ni chotara au ni mbegu ya milima ya Lesotho?

Swali

Ndugu zangu, mwezi Julai nilikaa siku nne Semonkong, katika milima ya Maloti nchini Lesotho, nikapandishwa farasi mdogo wa kahawia ambaye asubuhi ile alikuwa na sakitu hata kwenye ndevu. Tulipofika kwenye mteremko wa mawe unaoshuka mtoni nilivuta hatamu kwa woga, naye akasimama kabisa. Kijana aliyetuongoza, blanketi limemfunika hadi shingoni, akaniambia nilegeze mkono nimwachie mnyama achague njia. Nikalegeza, akashuka huku akilijaribu kila jiwe kwa ukwato kabla ya kuliegemea. Jioni wazee wawili walibishana mbele yangu, mmoja akisema huyu ni farasi wa Basotho tangu asili, mwingine akisema ni chotara wa farasi wa kigeni. Yupi yuko sahihi? Na kama ni chotara, ustahimilivu huo ameurithi au amefundishwa na milima?

Jibu la kwanza

Kwa damu, ni chotara bila shaka. Kusini mwa Afrika hakukuwa na farasi kabla Waholanzi hawajaweka kituo chao kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1653 walileta farasi wadogo kutoka Java, ambao baadaye walichanganywa na farasi wa Kiarabu na wa Kiajemi, kisha na farasi wa mbio wa Kiingereza, ikapatikana aina iliyoitwa farasi wa Rasi. Hao ndio waliopanda bara kwa njia ya biashara, vita na wizi, hata wakafika kwa Moshoeshoe I, mfalme wa Basotho, mnamo mwaka 1830. Neno lenyewe la Kisotho, *pere*, limetokana na *perd* la Kiafrikana. Linalonishangaza mimi ni kasi ya mambo yaliyofuata: Desemba 1852, Jenerali wa Kiingereza George Cathcart alipopeleka jeshi katika uwanda wa Berea kuteka ng'ombe, alipambana na maelfu ya Basotho waliokwisha kuwa mahodari juu ya tandiko, naye akaona heri kurudi alikotoka.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu damu, lakini swali la ustahimilivu halijajibiwa. Lesotho yote iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huko Maloti theluji huanguka wakati wa kipupwe. Farasi hawa hawakujengewa mabanda wala hawakutengewa nafaka. Walilala nje, wakala majani makavu ya mlimani, na aliyeshindwa alikufa kabla ya kuzaa. Ndiyo maana kimo kilipungua, kwato zikawa ngumu kiasi kwamba wengi hutembea juu ya mawe bila njumu, yaani viatu vya chuma. Baridi hiyo hiyo iliwakinga pia. Ugonjwa hatari wa farasi wa Kiafrika huenezwa na usubi, nao usubi hauvumilii sakitu. Mbung'o naye hayuko kabisa. Nyanda za chini zenye joto zimeua farasi wengi, wakati hao wa milimani wakiendelea kuzaana.

Jibu la tatu

Je, haingefaa basi kuwapandisha kwa madume makubwa ya mbio, ili tupate kimo na kasi pamoja na ustahimilivu huo?

Jibu la nne

Ndugu, jambo hilo limekwisha kujaribiwa na likaleta hasara. Katika vita vya 1899 hadi 1902 kati ya Waingereza na Makaburu, farasi wa Basotho walinunuliwa kwa wingi kwa ajili ya jeshi, na walio bora hawakurudi. Madume ya kigeni yaliyoletwa baadaye yaliongeza miguu mirefu, lakini mguu mrefu kwenye ngazi za mawe ni mzigo, na mwili mkubwa unadai chakula ambacho mlima hauna. Hali ilifika pabaya hata serikali ya Ireland ikasaidia mradi wa kuwakusanya na kuwazalisha wale waliobaki na sura ya zamani. Uchotara wa kwanza ulifaa kwa sababu ulifuatwa na miaka mingi ya mchujo wa baridi na njaa. Huu wa pili ulitaka matunda bila mchujo.

Kwa muulizaji: ukirudi Semonkong, omba farasi anayekwenda *tripple*. Si mwendo wa matiti ule unaomrusha mpandaji, wala si shoti. Ni mwendo wa haraka ambao miguu hugusa ardhi mmoja mmoja, mgongo ukatulia. Mfugaji wa huko humtaja mwenye mwendo huo kabla hajataja bei.

Muulizaji

Ahsanteni. Sasa nimeelewa kwa nini yule kijana alicheka nilipomuuliza kama farasi wake ana njumu.