Threshold ya Star Trek: Voyager: kosa hasa liko wapi?

MswadaMkononi:
Wadau, habari zenu. Kikundi chetu cha waandishi wa hadithi za kisayansi hapa Nairobi kitatazama Threshold Jumamosi. Ni sehemu ya 15 ya msimu wa 2 wa Star Trek: Voyager, mfululizo wa televisheni kuhusu meli ya anga iliyokwama mbali sana na nyumbani, na ilirushwa Januari 29, 1996. Kila ukiitafuta mtandaoni unakuta inasifiwa kwa kejeli, eti kilele cha usanii wa binadamu. Kejeli hiyo haimfundishi mwandishi chochote. Tunataka kujua kosa lenyewe liko wapi, tusimamishe video kwenye maonyesho yapi, na kama mswada ungeweza kuokolewa. Wengi huishia kutaja wale mijusi wa mwisho tu, yaani wahusika wawili wanaogeuka viumbe kama mijusi. Halafu kuna hili la Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani: ilishindaje?

NuruNaKasi:
Anzeni na kasi, maana hadithi inajifunga hapo. Katika Star Trek ya kwanza, ya miaka ya 1960, hesabu ya Warp, yaani kipimo cha kasi ya meli, ilikuwa nyepesi: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, kisha jibu lizidishe tena kwa namba ileile, unapata ni mara ngapi ya kasi ya nuru. Warp 10 ilikuwa mara 1,000 tu. Kuanzia mfululizo wa Star Trek wa 1987 kipimo kikabadilishwa. Warp 9 ikawa takriban mara 1,516, baada ya hapo mstari unapanda karibu wima, na 10 yenyewe ni kasi isiyo na kikomo. Namba hiyo iliwekwa kama ukuta, ili waandishi wasiwe wanaongeza tarakimu kila meli ikikwama.

Voyager iko zaidi ya miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75. Ukigawanya, wastani ni kama mara 930 ya kasi ya nuru. Mfululizo mzima umejengwa juu ya hesabu hiyo. Sasa Threshold inaubomoa ukuta kwa aina mpya ya dilithiamu, fuwele ya kubuni inayotumika kwenye injini za meli, na chombo kidogo kinachoendeshwa na mtu mmoja, na rubani Tom Paris anafika Warp 10 na kuwa kila mahali ulimwenguni kwa wakati mmoja. Simamisheni anaporudi. Kompyuta ya chombo imejaa data za eneo zima la anga, lakini Voyager haifaidiki nazo katika vipindi vinavyofuata. Mimi naona hapo ndipo ilipovunjika, muda mrefu kabla ya mjusi yeyote kuonekana.

KisukukuHai:
Mijusi nao wana kesi yao, ndugu. Baada ya safari hiyo mwili wa Paris unaanza kubadilika, na Daktari wa meli anasema anapitia mageuko ya mamilioni ya miaka kwa siku moja. Mtu mmoja hapitii mageuko. Kinachobadilika ni jamii ya viumbe, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wengine wanazaa na wengine wanakufa bila kuzaa katika mazingira fulani. Ukimfungia mtu mmoja kwenye chumba cha wagonjwa, hakuna mazingira yanayochagua chochote. Wala hakuna njia iliyoandikwa tayari ndani ya DNA ikingoja kuharakishwa.

Mkipata muda kabla ya kutazama, pitieni Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, mumwone Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale. Kamoya Kimeu aliokota kipande cha kwanza pale Nariokotome mwaka 1984, na umri wake ni kama miaka milioni 1.5. Angalieni mapaja marefu ya mtu wa kutembea masafa, kisha muinue macho kwenye fuvu: nafasi ya ubongo ni ndogo kuliko yetu waziwazi. Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata baadaye sana.

Brannon Braga, aliyeandika mswada, amewahi kueleza kwamba alikusudia kuonyesha mageuko yanayorudi kwenye umbo sahili, ila maelezo hayo akayaondoa alipoandika upya. Marekebisho yangekuwa ya bei rahisi: futeni neno mageuko, Daktari aseme safari imeharibu DNA na mwili unajijenga upya kwa maagizo yaliyovurugika. Sentensi nne hivi, na maonyesho yote yanabaki.

KalamuNyekundu:
Nakubaliana na wote wawili, lakini kasoro inayoua ni tiba. Mwishoni Daktari anawarudisha Paris na Kapteni Janeway, mkuu wa meli, aliyegeuka mjusi pia, katika ubinadamu wao. Basi injini inafanya kazi na ugonjwa unatibika. Tena Daktari ni holograma, umbo la nuru linaloendeshwa na kompyuta, hana DNA ya kuharibika, angebaki mzima awatibu wote wakishafika. Kwa nini hawaendi nyumbani? Hakuna anayeuliza.

Kabla ya kuandika onyesho la kwanza, kaeni na karatasi muandike safari inagharimu nini, nani analipa, na kwa nini hailipiki mara ya pili. Hapa ingetosha dilithiamu yote iteketee kwenye jaribio. Au Paris apone nusu tu. Mwangalie pia mazungumzo ya mwisho: Paris amemteka kapteni wake, wamezaa watoto watatu na kuwaacha kwenye sayari, na wawili hao wanalimaliza kwa utani mfupi. Jambo zito namna hiyo lilihitaji onyesho lake.

Kwa kulinganisha, wekeni Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, dakika ishirini na kitu. Sheria ni moja: maji yanapimwa, hata jasho linarudishwa kutumika. Mhusika mkuu, Asha, anapoumwagilia mche, tunajua ameutoa uhai wake, kwa sababu sheria haikulegezwa hata kidogo.

MswadaMkononi:
Asanteni sana. Na Emmy?

KalamuNyekundu:
Ya mekapu, 1996, na ni halali yao. Rudieni maonyesho ya chumba cha wagonjwa bila sauti. Nywele zinang'oka, ngozi inabadilika, ulimi unatoka, na kila hatua inasomeka bila maelezo. Robert Duncan McNeill, anayemwigiza Paris, amefunikwa uso karibu wote, lakini macho yake yanabeba woga na hasira. Bila sauti kwanza, kisha na sauti: mtasikia wenyewe ni sentensi zipi za Daktari zinazoharibu.

KisukukuHai:
Na Pumzi iwe ya pili. Ikitangulia, hamtakuwa na subira na Threshold.