Naomba ushauri: Warframe au Destiny 2 kwa bando la simu?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tanga, Ngamiani, na mdogo wangu yuko Bagamoyo. Kila Jumamosi usiku tunacheza gemu pamoja kwa mashine za PS4 tukitumia intaneti ya simu, yeye kwake na mimi kwangu, na ndiyo nafasi yetu ya kuongea. Tunataka gemu moja la anga za mbali, lenye mapigano na mhusika unayemkuza ngazi kwa ngazi.

Tumeanza na Warframe ya mwaka 2013, ya Digital Extremes wa Kanada. Ni ya bure, kikosi watu 4. Nimeipenda mno! Ule mwendo wa kuparamia ukuta, kuruka na kushuka na upanga hauchoshi kabisa. Shida ni kwamba misheni hubebwa na mashine ya mchezaji mmoja. Nikiwa mwenyeji, yaani mashine yangu ndiyo inayoibeba, mdogo wangu anamwona adui kasimama tuli kama mnazi, anammiminia risasi, hafi. Mara picha inashtuka, kumbe yeye ndiye kalala chini. Inaniuma, maana anakata tamaa.

Destiny 2 ya Bungie, ya 2017, kuanza ni bure ila hadithi nyingi zinalipiwa.

Waliocheza zote mbili kwa intaneti ya simu: ipi inavumilia mtandao dhaifu? Bando linakwenda kiasi gani kwa saa? Na tukimwachia yeye awe mwenyeji, hali itabadilika au tutahamisha tatizo tu? Naombeni msaada kabla ya Jumamosi.