Oili ya injini: kilomita 5,000, 10,000 au 15,000?

Msafiri_K (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu kwenu. Naomba tulilinganishe hili kwa hoja, maana kila ninayemuuliza ana namba yake na anaitetea kwa nguvu zote.

Gari langu ni la petroli, injini 1.8, halina turbo. Kitabu chake kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 10,000 au miezi 12, kitakachotangulia, na kinataka oili ya 5W-30 (hiyo ni namba ya mnato, yaani uzito wa oili). Fundi wangu kila akimaliza sevisi ananibandikia kikaratasi cha kilomita 5,000. Rafiki yangu mwenye gari kama hili hili anaweka sintetiki kamili (oili iliyoundwa kiwandani kwa kemia) na anakwenda hadi 15,000. Yeye kazi yake ni ya kusafiri, muda mwingi yuko barabara kuu. Mimi ni nyumbani, kazini, sokoni, na foleni asubuhi na jioni.

Kwa hiyo naona njia tatu: oili ya kawaida kila 5,000, sintetiki kila 10,000 kama kitabu kinavyosema, au sintetiki na kuivuta mpaka 15,000. Ninyi mngeshika ipi?

---

Fundi_Spana

Mimi 5,000, na nakueleza nilichokiona kwa macho. Ukifungua kifuniko cha valvu, injini inakusimulia yote kabla mwenyewe hajasema neno. Ile inayomwagwa oili mapema, ndani chuma kinaonekana, kemshafti inang'aa, kuna rangi ya kahawia nyepesi basi. Ile iliyovutwa ina tope jeusi limeganda kwenye kona, unalikwangua kwa bisibisi linatoka mabonge.

Hilo tope halikai pale juu tu. Likimeguka linashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba wavu wa kunyonyea oili. Pampu ni nzima ila haina cha kuvuta, na beringi za krenki ndizo zinazolipa. Halafu kuna vile vitundu vidogo kwenye pistoni, nyuma ya ringi ya oili, vinavyorudisha oili chini. Vikishaziba, gari linaanza kula oili, na hapo hata ukianza kubadilisha kila wiki hakurudi kama zamani.

Toyota yenyewe mwaka 2002 ilibidi itangaze huko Marekani mpango maalumu wa kutengeneza injini za baadhi ya magari yake ya 1997 hadi 2002 zilizojaa tope. Kwa hiyo hata gari la kuaminika halina kinga.

---

MasafaMarefu

Fundi heshima yako, lakini hiyo 5,000 ni namba ya enzi nyingine. Asili yake ni ile kanuni ya Wamarekani ya maili 3,000, ambazo ni kama kilomita 4,800. Oili za wakati huo si za leo. Angalia kopo: daraja la API (taasisi ya petroli ya Marekani) kwa injini za petroli lilifika SN mwaka 2010, na SP likaja 2020. Kila daraja jipya linapimwa kwa majaribio ya tope, kuchakaa na joto.

Ndiyo maana watengenezaji wengi sasa wanatoa 10,000 mpaka 15,000. Volkswagen kwa magari yake ya mpango wa muda mrefu, yenye oili ya kiwango cha 504 00 au 507 00, inaruhusu hadi 30,000 au miaka miwili. Waliounda injini ndio waliotoa dhamana. Sidhani wangejitia hasara kwa makusudi.

Mimi ni 10,000 kwa sintetiki, kama kitabu. Kumwaga oili nzima kila 5,000 ni kutupa kitu kizuri, na ile oili chafu lazima iende mahali. Hilo nalo tulifikirie.

---

Mhandisi_Mitambo

Nyote mna haki, na tatizo liko kwenye kipimo mnachotumia. Oili haihesabu kilomita. Inahesabu saa ilizopikwa, joto la hizo saa, na uchafu ulioingia humo.

Tufanye hesabu. Msafiri, gari lako kwenye foleni huenda linapata wastani wa kilomita 22 kwa saa. Gawanya 5,000 kwa 22: injini imezunguka saa 227. Rafiki yako wa barabara kuu tumpe wastani wa 75. Gawanya 15,000 kwa 75: saa 200. Umeona? Fundi wako na rafiki yako wanabadilisha oili karibu wakati mmoja. Aliyevuka wenzake kwa mbali ungekuwa wewe, ukifuata 10,000 kwenye foleni hiyo: saa 454 kwa oili ile ile.

Ford katika vitabu vya baadhi ya magari yake ya kazi huhesabu saa moja ya injini kuunguruma gari likiwa limesimama kuwa sawa na maili 25 za kutembea, yaani kilomita 40 hivi. Odomita haisogei hata nukta, lakini oili imeshafanya kazi ya safari nzima.

Sasa safari fupi. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Mwingi hutokea ekzosi, kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampu, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, hivyo viwili hugeuka mvuke, vinafyonzwa na kurudishwa kuchomwa. Ukizima kabla ya hapo vinabaki. Kesho unaongeza vingine. Maji na tindikali zinamaliza kemikali za kulinda chuma, petroli inapunguza mnato, na tope la Fundi linaanzia hapo.

Kingine, kitabu chako karibu hakika kina ukurasa wa pili wa ratiba, wa mazingira magumu: safari fupi, foleni, vumbi, joto kali, kuvuta tela. Mara nyingi hapo umbali hukatwa nusu. Watu husoma ukurasa wa kwanza na kufunga kitabu.

---

Dada_Dizeli

Naomba niongeze upande wa dizeli maana wengi wanaosoma hapa wanazo. Usihukumu kwa rangi. Oili ya dizeli inageuka nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa, ni masizi, na kazi ya oili ni kuyashika yaelee yasigande. Nyeusi inaweza kuwa nzima kabisa. Ya kuogopa ni ile yenye rangi ya chai ya maziwa, hapo maji ya rejeta yameingia.

Kama dizeli yako ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, angalia dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kwa jicho la pili. Kichujio kikijisafisha, injini hupuliza dizeli ya ziada, na ukikatiza safari katikati sehemu ya hiyo dizeli huishia kwenye sampu. Kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Mtu anafurahi gari lake halili oili, kumbe inazimuliwa. Ikipita alama ya juu, mwaga, hata kama ulibadilisha juzi. Na tumia oili ya majivu machache, mathalani ACEA C3 (kiwango cha Ulaya) kama kitabu kinaitaja, la sivyo kichujio kitaziba.

Wenye turbo nao wasifikirie 15,000 kirahisi. Shafti ya turbo inaogelea kwenye hiyo hiyo oili, na joto pale ni kubwa mno.

---

Msafiri_K

Dah, hesabu ya saa imenifungua macho. Maswali mawili: gari langu lina asilimia ya uhai wa oili kwenye dashibodi, niiamini? Na je, filta inaweza kuruka sevisi moja?

---

Mhandisi_Mitambo

Ya dashibodi ina maana zaidi ya kikaratasi, ila ujue inavyofanya kazi. Mifumo mingi, kama ule wa GM, haigusi oili yenyewe. Inakokotoa kutokana na mizunguko ya injini na joto. Kwa hiyo foleni na injini baridi inaviona. Haioni kama umeweka oili hafifu, haioni vumbi lililopita kwenye filta ya hewa iliyochanika, na haijui chochote kama fundi alisahau kuiweka upya.

Anayetaka uhakika apeleke sampuli maabara. Wanapima mnato, petroli iliyomo, na metali. Chuma kikiwa kingi kuna kinachosagika. Silikoni ikipanda kwa kawaida ni vumbi linaingia. Kwa lori au mtambo inalipa. Kwa gari dogo mimi ningetumia hela hizo kununua oili nzuri.

---

Fundi_Spana

Filta badilisha kila mara. Ikijaa, valvu yake ya pembeni inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, injini isikose oili kabisa. Hutasikia mlio wowote, lakini mchanga wote unaenda kwenye beringi. Na oili mpya kwenye filta ya zamani inaanza kuchafuka siku hiyo hiyo.

Nakubali hoja ya saa. Mteja wangu wa barabara ndefu, mwenye sintetiki halisi, simkatazi 10,000. Ila awe na uhakika na kilichomo kwenye kopo. Kopo likiwa na mashaka, mahesabu yote haya hayana maana.

---

Bodi_Mbili

Wa pikipiki msichukue namba za hapa. Nyingi ndogo za four-stroke zina lita moja hivi ya oili, na hiyo hiyo inalainisha gia na klachi. Fuata kitabu chako, na tafuta alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki) kwenye kopo. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza.

---

Msafiri_K

Nimetazama dashibodi: wastani wangu ni kilomita 21 kwa saa. Nimefungua pia ule ukurasa wa pili wa kitabu, na kweli upo, unasema 5,000 au miezi sita. Basi nashika sintetiki 5W-30 ya API SP, kila 5,000 au miezi sita, na filta yake. Nikihamia kazi ya safari ndefu nitapiga hesabu upya. Sintetiki siiachi, kwa sababu inavumilia joto la foleni kuliko ya kawaida.

---

MasafaMarefu

Kwa wastani wa 21, hata mimi ningefanya hivyo. Nabaki na 10,000 yangu kwa sababu ya barabara ninazopita.

---

Fundi_Spana

Sawa kabisa. Kati ya sevisi na sevisi pima oili angalau mara mbili kwa mwezi: gari sehemu tambarare, zima, subiri dakika tano, futa dipstiki, ingiza hadi mwisho, ndipo usome. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwa magari mengi ni kama lita moja, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo na upime tena. Mwambie fundi wako abadilishe pia washa (kile kipete cha kuzuia uvujaji) ya nati ya kumwagia. Ni kitu kidogo, lakini ikichoka inavujisha tone tone na hutajua mpaka taa nyekundu iwake.