Nimetoka mapokezi ya hoteli Malindi, nataka kuingia kazi ya madai na misimbo ya hospitali. Nianzie wapi?

kusi_na_kaskazi:

Assalamu alaykum wana jukwaa. Mimi mwanamke wa miaka 39, naishi Maweni, Malindi. Miaka 14 nimekaa mapokezi ya hoteli, sita ya mwisho nikifunga hesabu za usiku. Wa pwani mnaijua kazi hiyo: kaskazi ikivuma Waitaliano wamejaa, kusi ikiingia milango inafungwa na sisi tunaambiwa "tutawapigia". Mwaka huu simu haikulia.

Wifi yangu ni muuguzi. Ananiambia hospitali binafsi zinatafuta watu wa kuandaa madai ya bima na kutia misimbo ya magonjwa. (Mamangu nilimwambia "koding", akasikia kodi. Ameshawaambia majirani kwamba mtoto wake anakwenda kudai watu kodi za nyumba.)

Nikatafuta mtandaoni, nikapata chuo kinachotaka shilingi 85,000 kwa miezi mitatu. Wanaahidi kazi ya Marekani nikiwa nyumbani, mshahara wa dola. Mimi Baiolojia nilipata D+. Kiingereza ninacho, Kitaliano ninacho, Excel naiweza. Mkononi nimebaki na 110,000. Nilipe? Na kwa umri huu wataniingiza kweli?

mvuvi_mstaafu:

Usilipe. Mtu anayekuahidi samaki kabla hajaiona bahari, huyo anauza ndoano. Haya, wenye fani waje.

BintiMkomani:

Waalaykum salaam dadangu. Mimi nilikuwa karani wa mizigo gati ya Mokowe, naandika mifuko ya simiti na kreti za soda zinazovuka kwenda Amu. Leo mwaka wa tano niko dirisha la madai katika hospitali ndogo ya binafsi, kwa hiyo la umri na la D+ yaache.

Unazungumzia kazi mbili. Kuna kutia misimbo, yaani kusoma alichoandika daktari na kukigeuza kuwa namba na herufi za ICD, orodha ya magonjwa ya WHO. Na kuna kudai: kupeleka bili kwa bima, kuifuata, kujua kwa nini imerudi. Hospitali kubwa zinazitenga. Kwetu sisi mtu ni huyohuyo, na saa nyingine ndiye anayetafuta chenji.

Nusu ya pili unayo tayari. Si mliletewa vocha na mawakala wa utalii? Mgeni kalala usiku saba, vocha inasema sita, wakala anakataa kulipa, nawe unachimba faili mpaka sahihi ionekane. Dai la bima ni hilohilo. Tarehe ya kuruhusiwa haipatani na siku za kitanda, linarudi. Idhini haikuombwa kabla ya upasuaji, linarudi. Tena bima ya taifa ya Kenya, NHIF, ilipoondoka na SHA kushika nafasi yake, Oktoba 2024, hata wakongwe walirudi darasa la kwanza. Mgeni hakuachwa nyuma sana.

Nusu ya kwanza ndiyo ya kusomea. Chukua mgema aliyeanguka mnazini akavunjika paja. Paja ni S72, lakini hapo umesema kilichovunjika tu. Kuna W14, kuanguka kutoka juu ya mti, ndiyo inayosema kilichomvunja. Mimi siku niliyoiona W14 nilicheka peke yangu, nikaona kumbe hawa watu wa WHO kule Geneva wanatujua.

Sasa pagumu. Daktari kaandika "malaria", basi. Karatasi ya maabara iliyobanwa nyuma inasema falciparum. Malaria isiyotajwa aina ni B54, ya falciparum ni B50. Mkono unawasha uandike B50, kwa sababu unaiona! Usiandike. Wewe si daktari. Mrudie, umwombe aandike mwenyewe kwenye faili, ndipo utie msimbo. Atakukunjia uso, hasa akiwa ametoka zamu ya usiku. Vumilia, wageni wa hoteli walikukunjia zaidi.

Na mwezi wangu wa kwanza nilimwandikia mama aliyefanyiwa upasuaji O80, ambayo ni kuzaa kwa kawaida, badala ya O82, kuzaa kwa upasuaji. Ugonjwa unasema kajifungua mwenyewe, bili inadai pesa za kisu. Dai likarudi, na msimamizi akalisoma kwa sauti mbele ya wauguzi wote. Tangu siku hiyo sipeleki kitu kabla sijasoma karatasi ya chumba cha upasuaji.

Kabla ya kulipa chuo chochote, mwombe wifi yako akuombee wiki mbili ukae nyuma ya mtu wa madai. Bure. Ukitamani kulala kufikia saa nne asubuhi, umeokoa 85,000. Ukipenda, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana diploma ya rekodi za afya na teknolojia ya habari, na hiyo waajiri wa hapa wanaijua. Ni ndefu, sikufichi.

zamu_ya_usiku:

Naongeza upande wa Marekani, maana ndiko ninakofanya. Ule ni ulimwengu mwingine. Wana ICD-10 yao iliyopanuliwa, waliyoanza kuitumia Oktoba 2015, na juu yake CPT, misimbo ya huduma, ambayo ni mali ya chama cha madaktari cha huko. Cheti wanachokiuliza sana ni CPC cha AAPC, chama cha watia misimbo cha huko: maswali 100, saa nne, kupita ni asilimia 70. Cheti cha chuo chako cha miezi mitatu hakisimami mahali pake.

Na ukifaulu bila uzoefu unapewa CPC-A. Hiyo A ni ya mwanagenzi, inakaa mpaka uthibitishe umefanya kazi. Mimi A ile ilinikalia kooni. Kampuni nyingine haziruhusu kabisa faili za wagonjwa zishughulikiwe nje ya Marekani. Nyingine zinaruhusu, lakini New York ikifika saa mbili asubuhi, huku ni saa tisa au saa kumi alasiri, kulingana na majira yao. Wewe ushazoea usiku, hilo nakuonea wivu.

Jambo dogo: ukijifunza ICD, usikariri. Ile ya toleo la 11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022 na sura yake ni nyingine. B50 aliyoitaja BintiMkomani humo ni 1F40.

kusi_na_kaskazi:

Ahsanteni sana. Chuo nimekiambia nitawapigia.

Wifi ameongea na mtu wa madai hapo kwao, mzee mmoja mkali. Amekubali nije Jumatatu saa mbili, kwa sharti mbili: nisiulize kitu kabla hajanywa chai, na simu ibaki nje maana faili za watu si za kupigwa picha. BintiMkomani, yule mgema alipona?

BintiMkomani:

Alipona. Karudi juu.