Mrejesho: mafundi kusubiriana karakana ya boti, Mwanza

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuzuia mafundi kusubiriana kwenye karakana ya boti hapa Kirumba. Ubao wa kupangia kazi mlionishauri unasaidia. Safu tatu: Bado, Inaendelea, Imekwisha. Kila kazi ina karatasi yake ubaoni, yenye jina la fundi mmoja na tarehe; majina yakiwa mawili, kila mtu anamtegea mwenzake. "Inaendelea" isizidi kazi 3, la sivyo boti zote zinaanzwa na hakuna inayoshushwa ziwani.

Kikao dakika 10 asubuhi, wote wamesimama. Ukiuliza "umefikia wapi?" utajibiwa "namalizia." Uliza "nini kinakukwamisha?" Hapo ndipo upungufu wa misumari unatajwa mapema, mbao zikiwa bado hazijapangwa. Aliyechelewa aitwe pembeni. Akiaibishwa mbele ya wenzake, kesho ataficha tatizo. Asanteni sana.