Tupeane uzoefu: ngiri, kuanzia uvimbe wa kwanza hadi baada ya upasuaji

Wakuu, tuweke hapa yale ambayo mgonjwa wa ngiri anatakiwa ajue mapema. Naanza na kuitambua. Ngiri ya kinena huchomoza ukisimama, ukikohoa au ukijikamua chooni. Ukilala chali hurudi ndani. Ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu, wengine wamezaliwa na upenyo hapo, na utumbo au mafuta hupenya. Usiichanganye na busha, yaani maji kwenye korodani: kwa busha, vidole viwili hukutana sehemu ya juu, kabla ya uvimbe kuanza. Kwa ngiri iliyoshuka kwenye korodani havikutani, maana uvimbe unatokea kinenani. Ukiwa na shaka, kapimwe.

Muuguzi, wodi ya upasuaji:
Uvimbe ukiwa mgumu, unauma na haurudi, mgonjwa anatapika, hatoi upepo wala choo, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Utumbo umenyongwa, damu haifiki, na ndani ya saa chache unaanza kufa. Msiusukume kwa nguvu. Msimpe dawa ya kuharisha, na asile wala kunywa chochote njiani. Ukishaoza, kipande hukatwa na ncha kuunganishwa. Hapo si upasuaji mdogo tena.

Tabibu:
Naongezea. Hakuna dawa ya kunywa inayoziba tundu, iwe ya duka au ya mizizi. Kwa mtu mzima utumbo hurudishwa, kisha wavu, kitambaa cha kitabibu chenye matundu madogo, hushonewa juu ya sehemu dhaifu, kwa ganzi ya eneo au ya mgongo. Bei ya wavu isiwatishe: utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa 2016 ulilinganisha wavu wa kiwandani na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini, na baada ya mwaka mmoja matokeo yalikaribiana sana.

Kabla ya kisu, tibu kikohozi sugu na choo kigumu. Mzee anayejikamua kukojoa apimwe tezi dume kwanza, la sivyo ngiri itarudi. Baada ya upasuaji tembea mapema, ila ndoo ya lita 20 na gunia visubiri wiki 4 hadi 6.

Muuguzi, kliniki ya watoto:
Kitovu kilichochomoza kwa mtoto mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya miaka 5. Sarafu na mikanda inayofungwa kitovuni huchubua ngozi tu. Ngiri ya kinena haijifungi. Mtoto huyo aonwe na daktari wa upasuaji mapema, hata kama anacheza vizuri.